Vitabu vya hesabu lundo, mtoto hola!

Basi bwana, mwaka jana nilijikuta mwalimu bila kuomba kazi. Mpwa wangu, binti wa miaka 11 wa darasa la tano, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtaani tunauita siko seli. Maumivu yakimbana, shule haiendeki. Muhula ule aliugua mfululizo, ikakubalika asomee nyumbani kwa muda huku jina lake likibaki shuleni. Dada akanigeukia: "Si ulikuwa unajidai kipanga wa hesabu wewe? Haya, mwanafunzi huyo."

Sikutaka kuaibika. Jumamosi nikazama mjini kwa wauza vitabu wanaopanga chini, nikarudi na mfuko umejaa: vitabu viwili vya mazoezi, rundo la mitihani iliyopita na kimoja cha kigeni chenye picha za rangi, si mchezo! Sh. 45,000 zikateketea. Nikajiona bingwa.

Wiki mbili, hola. Mtoto anafungua, anafunga. Siku moja nikamkuta anafuta jibu. Swali lilikuwa 0.6 mara 0.5, naye alikuwa ameandika 0.3, sawasawa kabisa. Alipogeuza nyuma kwenye majibu, kitabu kikasema 3. Akafuta la kwake.

"Mjomba, mimi hesabu siziwezi tu," akasema, wala halii.

Hapo roho iliniuma. Kitabu nilichonunua kwa hela yangu ndicho kilichokuwa kinamdanganya mtoto kwamba hana akili!

Nikaweka mfuko wote uvunguni. Nikamwandikia maswali kumi kwenye karatasi, kuanzia mepesi ya darasa la tatu, nikamwambia afanye huku anaongea. Swali la saba likamuumbua: nusu jumlisha theluthi. Akajibu 2/5. Ya juu kajumlisha na ya juu, ya chini na ya chini.

Nikachukua chapati. "Tukiikata vipande vitano sawa ukala viwili, umefika nusu?"

Akakunja uso. "Bado."

"Sasa wewe ulikuwa na nusu, ukaongeza, halafu ikapungua?"

Akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Tukaikata vipande 6: nusu ni vitatu, theluthi ni viwili, jumla 5/6. Kumbe darasa la tano halikuwa na kosa. Mtoto alikuwa hajaelewa sehemu tangu darasa la nne, na mimi namrundikia mitihani!

Sasa wewe msomaji, kama una mdogo wako au mwanao anayesomea nyumbani, usikimbilie dukani kama mimi. Tafuta kwanza alipopotelea. Ukishapajua, utashangaa: mara nyingi unahitaji kitabu kimoja tu.

Kabla hujatoa mshiko, simama hapo hapo ufanye maswali matano, halafu linganisha na majibu ya nyuma. Likikataa moja, rudisha kitabu. Angalia pia kama kinaonyesha njia hatua kwa hatua, maana jibu tupu halimfundishi mtu aliyekosea.

Uliza kimefuata mtaala upi. Mtaala mpya ulianza kutumika 2024, tena kwa awamu, kwa hiyo vitabu vya zamani bado vimejaa barabarani. Kwa mazoezi ya kuzidisha havina neno, lakini usivifanye dira. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania unaweza kuvisoma bure kwenye maktaba yake mtandao. Anzia huko, ndipo ujue ziada gani inahitajika.

Lugha nayo usiidharau. Mpwa wangu anasoma Kiswahili: anajua asili, kiasi na KDS. Kile cha kigeni kilimlazimisha kupambana na Kiingereza kwanza, hesabu baadaye. Siku akiwa hoi kitandani, tunawasha Ubongo Kids, zile katuni za Kitanzania zilizoanza 2014, zinazofundisha hesabu kwa hadithi na nyimbo. Maumivu yakizidi, hakuna hesabu. Analala.

Mimi nilinunua kitabu kimoja tu cha darasa la nne, nikakivika gazeti asione namba ya darasa. Nilidhani namsitiri. Siku ya tatu akachana kona.

"Mjomba, hiki si cha darasa la nne?"

Nikabaki natoa macho. Nikamwambia ukweli: ndiyo, kwa sababu wiki zile ulizolazwa wenzako walikuwa wanasoma sehemu. Hukushindwa, hukuwepo.

Akanyamaza kidogo. "Ungesema tu. Haya, tukimalize haraka."

Tulikimaliza kwa wiki tano, dakika 30 kwa siku, siku za uzima. Muhula uliofuata alirudi shuleni. Hajawa wa kwanza, nisikudanganye. Lakini juzi nilimwona akibishana na jibu la nyuma ya kitabu. Akakokotoa mara mbili, akaniletea: "Mjomba, hawa wamekosea."

Nikaangalia. Kweli, walikuwa wamekosea. Na safari hii, la kwake hakulifuta.