Mwalimu Mpya wa Sayansi na Njia Aliyojifunzia Mwenyewe

Mwalimu anayeripoti kwa mara ya kwanza katika sekondari ya kata huja na njia iliyomfaulisha yeye. Aliyeelewa fizikia kwa kukariri kanuni huelekea kufundisha vivyo hivyo. Hatari yake ni kwamba ukimya wa darasa hudhaniwa kuwa uelewa, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sasa anafundishwa kwa Kiingereza, huachwa nyuma bila kujulikana.

Hata hivyo, dawa si kuwagawa watoto katika makundi ya wanaojifunza kwa macho, masikio au mikono. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za suala hilo, wasipate ushahidi wa kutosha wa kuunga mkono mgawanyo huo. Njia hufuata mada: sakiti ya umeme hueleweka kwa betri, waya na balbu, mzunguko wa damu kwa mchoro. Kisha yafuate maswali ya mara kwa mara, kila mwanafunzi akieleza kwa maneno yake.

Wazazi wanahimizwa kumuuliza mtoto jioni amejifunza nini. Asipoweza kueleza, mwalimu wa somo ajulishwe mapema, kabla ya mtihani wa muhula.