Diski Ngumu Ikigoma: Namna ya Kuziokoa Faili Zako

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo ni ya kweli kwa maji, kwa maziwa na hata kwa maneno yatokayo mdomoni. Lakini kwa faili zilizohifadhiwa katika diski ngumu, mara nyingi zaweza kuzoleka. Katika makala haya nanuia kueleza ni kwa nini. Vilevile nataka tukumbuke jambo moja kubwa: mara nyingi pupa yetu katika saa ya kwanza baada ya diski kugoma huharibu zaidi kuliko ugonjwa wa diski yenyewe.

DISKI NGUMU NI KITU GANI?

Diski ngumu ya nje, ambayo wengi wetu twaiita tu "hadi diski", ni kile kikasha kinachotosha kiganjani na kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Ndani yake mna sahani moja au zaidi, nyororo kama kioo, zilizopakwa utando wa sumaku. Katika diski nyingi za nje sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, mithili ya sindano ya santuri za zamani, ila hiki hakiigusi sahani. Pengo lililopo ni nanomita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Hebu fikiria basi: chembe ya vumbi usiyoweza hata kuiona, kwa kichwa hicho ni kama jabali katikati ya barabara!

Chombo hiki si cha jana. Kampuni ya IBM ilitoa diski ngumu ya kwanza mwaka wa 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wa mtambo wote ulikuwa kama tani moja. Pamoja na ukubwa huo wote, ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Picha moja ya simu za leo yaweza kuijaza ikafurika.

KUFUTA SI KUANGAMIZA

Kompyuta huweka orodha ya faili, kama ile orodha ya yaliyomo mwanzoni mwa kitabu. Unapofuta faili, kompyuta haiendi kuzichana kurasa. Inaweka tu alama katika orodha kwamba nafasi ile sasa ni huru. Kurasa zenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana faili iliyofutwa asubuhi yaweza kurudishwa jioni, mradi tu hakuna aliyeandika kitu kipya katika diski hiyo. Tahadhari: zile diski mpya zisizo na sahani, ziitwazo SSD, huweza kuisafisha nafasi hiyo muda mfupi baada ya faili kufutwa. Humo matumaini ni haba.

MAGONJWA MANNE NA DALILI ZAKE

Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Kwanza, ugonjwa wa waya au kikasha. Taa haiwaki, au yawaka na kuzima. Jaribu waya mwingine, tundu jingine, kisha kompyuta nyingine. Wako watu waliolia siku nzima, kumbe waya tu ndio uliokatika ndani.

Pili, virusi vya njia ya mkato. Sisi tunaochapisha kazi zetu saiba twavijua sana. Ukifungua diski wakuta vijipicha vya njia ya mkato tu, folda zako zote hazionekani. Lakini ukitazama nafasi iliyotumika, ni ileile ya jana. Maana yake ni kwamba faili zipo, ila zimefichwa. Usivibofye vijipicha hivyo. Safisha kwanza kwa programu ya kukinga virusi, kisha ufungue dirisha la amri uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ambayo kompyuta imeipa diski yako.) Faili zitajitokeza.

Tatu, orodha kuharibika. Ugonjwa huu huletwa mara nyingi na stima kupotea ghafla au mtu kuchomoa waya wakati kompyuta ingali inaandika. Kompyuta hukuuliza kama ungependa diski ifomatiwe. Mwenzangu, jibu HAPANA! Ukikubali, orodha mpya tupu itaandikwa juu ya ile ya zamani, nawe utakuwa umeongeza msiba juu ya msiba.

Nne, ugonjwa wa mitambo. Diski imeanguka, au yatoa sauti ya tik, tik, tik, au yakwaruza. Hapo kichwa cha kusomea hakifanyi kazi yake, na huenda kinaichubua sahani. Izime papo hapo. Kila dakika inapozunguka, utando wenye data waweza kuchimbwa na kugeuka vumbi. Hili ni la mafundi wenye chumba safi, wala si la kujaribiwa nyumbani.

YA KUEPUKWA

Usihifadhi kitu chochote kipya katika diski hiyo. Usiweke programu ya uokoaji ndani ya diski iyo hiyo unayotaka kuiokoa. Usiiamuru kompyuta iirekebishe kwa CHKDSK kabla hujapata nakala, kwa sababu amri hiyo huandika mabadiliko, na diski inayokata roho haiwezi kustahimili kazi hiyo. Usiitie katika friji kama wengine wanavyoshauri. Itakapotoka, unyevu utatanda juu ya sahani. Na usikifungue kifuniko ati uone kilichoharibika. Vyumba safi vya mafundi wa kazi hii huwa na chembe zisizozidi 100 za ukubwa wa nusu mikromita au zaidi katika kila futi moja ya ujazo wa hewa. Vyumba vyetu vya kulala, jameni, vina mamilioni.

HATUA ZA UOKOAJI

Ikiwa diski yazunguka vizuri bila sauti mbaya, kanuni ya kwanza ni hii: nakili diski nzima, kisha ufanye kazi kwenye nakala. Programu iitwayo GNU ddrescue imeundwa kwa shughuli hiyo. Huanza kusoma sehemu nzima nzima, ikaziruka zile ngumu, halafu ikazirudia baadaye. Tena huweka kumbukumbu ya ilipofikia, hivyo stima ikipotea waweza kuendelea ulipoachia.

Baada ya hapo zatumika TestDisk na PhotoRec, programu mbili za bure zilizoandikwa na Christophe Grenier. TestDisk hujaribu kuijenga upya orodha iliyoharibika. PhotoRec haiitegemei orodha kamwe. Hupita katika diski yote ikitafuta alama za mwanzo wa faili. Kwa mfano, picha za JPEG huanza na alama FF D8 FF, nazo faili za PDF huanza na %PDF. Kasoro yake ni kwamba majina ya faili hupotea, nawe utakaa kitako uzifungue moja moja ili ujue ipi ni ipi. Kila unachookoa kihifadhi katika diski nyingine.

MIFANO MIWILI

Tarehe 1 Februari 2003, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Columbia kilivunjika angani kikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafariki. Ndani mlikuwa na diski ngumu yenye matokeo ya jaribio kuhusu gesi ya xenon. Ilipatikana baada ya miezi kadhaa, imeungua vibaya. Mafundi wa Kroll Ontrack walizisafisha sahani zake, wakazitia katika mwili wa diski nyingine ya aina ileile, wakapata takriban asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka wa 2008. Ikiwa diski iliyoanguka kutoka mbinguni iliokolewa, yako iliyogoma mezani usiitupe upesi.

Mfano wa pili ni wa hapa kwetu. Mwaka jana, muhula wa pili, diski ya Chama chetu iligoma. Ndani mlikuwa na rekodi 31 za hadithi, vitendawili na nyimbo, ambazo wanachama walizikusanya kutoka kwa mababu na nyanya zao wakati wa likizo. Nyanya mmoja aliyetuhadithia alikuwa amekwisha kuaga dunia. Mola amlaze pema. Kompyuta iliuliza kama ifomati, na sauti zikasikika zikisema, "Kubali tu, kazi iendelee!" Mwalimu mlezi akakataa katakata. Akaizima, akaifunga katika kitambaa, akaipeleka kwa fundi mjini. Mimi nilikuwa miongoni mwa watatu tulioandamana naye.

Fundi alinakili tangu Jumamosi asubuhi hadi Jumapili jioni. Rekodi 28 zilirudi. Ya nyanya ilirudi pia, ila katikati pana kimya cha dakika mbili, kwa kuwa sehemu ile ya sahani haikusomeka. Twajua sungura alifika mtoni, na twajua alirudi nyumbani na ng'ombe. Alivyovuka, hatujui. Mjukuu wake, aliye Kidato cha Pili, amekuwa akiwauliza shangazi zake, na kila mmoja humpa jibu lake.

KINGA

Akiba haiozi. Weka nakala tatu za kazi yako, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine kabisa: nyumbani kwa shangazi, au katika hifadhi ya intaneti. Mwaka wa 1998, pale kampuni ya Pixar, amri moja ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na nakala za akiba za kampuni zikapatikana na hitilafu. Waliokolewa na nakala aliyokuwa nayo mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, nyumbani kwake, kwani alikuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Na nakala isiyojaribiwa si nakala. Ifungue mara kwa mara uhakikishe yasomeka.

Kwa hivyo wenzangu, mnaotayarisha mradi wa Kompyuta, mnaohifadhi picha za familia, na hasa mtakaotumwa na Chama kurekodi wazee likizo ijayo, fanyeni nakala siku iyo hiyo kabla ya kulala. Diski mpya hununuliwa dukani. Sauti ya mzee aliyekwenda zake haina duka.