Sura ya Nne: Maneno Yatanguliayo Sindano

Ilipoanza kutolewa chanjo ya malaria nchini Kenya, mwezi wa Septemba 2019, Bungoma ikiwa miongoni mwa kaunti 8 za magharibi zilizotangulizwa, mtoto alipangiwa dozi nne: akiwa na miezi 6, miezi 7, miezi 9, kisha miaka miwili. Ratiba hiyo ilipangwa kwa hesabu ya siha, wala haikuangalia fahamu. Nasi tukiifuata hadi chumba cha chanjo huko Sirisia, Bungoma, twaona jinsi muuguzi anavyolazimika kubadili usemi wake kila mtoto arudipo.

Mtoto wa miezi 6 hahitaji hoja. Akijuacho ni sauti, na joto la kifua cha mama. Basi anayesemeshwa hasa ni mama, ili atulie, ampakate mwanawe na kumnyonyesha wakati wa kudungwa. Kufikia miezi 9 aghalabu mtoto amekwisha kupambanua nyuso, na mgeni aliyemchekesha zamani sasa humliza. Hapo muuguzi hana budi kutanguliza salamu ya “mulembe” kwa mama na kuzungumza naye kidogo, mtoto akiangalia, kabla ya kumgusa.

Ama wa miaka miwili ndiye mtihani hasa. Maneno yake ni machache, na katika nyumba nyingi za Sirisia hayo machache ni ya Lubukusu, hata Kiswahili fasaha cha muuguzi kisimfae kitu, illa awepo kukhu wake, yaani nyanya, wa kumtafsiria. Aambiwe kwa ufupi, punde kabla ya tendo. Asiambiwe kwamba haitauma, maana hadaa hiyo hufichuka papo hapo, na atakayeilipia ni muuguzi wa zamu ijayo, wala asiulizwe, “Tukudunge?”, maadamu jibu la hapana halitapokelewa. Aulizwe lile analoweza kulichagua kweli: apakatwe na mama au na kukhu?

Wazee wetu, na wanisamehe, wana desturi ya kumtisha mtoto mtundu kwamba ataitiwa daktari amdunge. Wa miaka minne, ambaye huweza kudhani kuwa maradhi ni adhabu ya kosa lake, huingia hospitalini kama mshitakiwa aingiavyo kortini. Basi neno la kwanza apewe ni kwamba hakukosa. Tena akisikia “tutatoa damu” aweza kuamini itatolewa yote, kumbe kipimo cha malaria chahitaji tone tu la kidoleni.

Mwaka 1952 James Robertson, huko Uingereza, alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa bila mamaye, ambaye huzuni yake ilijificha zaidi katika kujizuia kuliko katika kilio. Kwa hiyo mtoto wa wodini aliyenyamaza ghafla asihesabiwe kuwa ametulia. Aketiwe karibu, aitwe kwa jina la nyumbani, aelezwe mama amekwenda wapi na atarudi lini, na wakati huo utajwe kwa uji wa asubuhi au chakula cha jioni, kwa kuwa saa ya ukutani hajaijua.