Ni mpasuko ao ni lensi?

Wakati wa mvua iliyopita, sisi delege tulileta kwenye mkutano foto ya ukuta wa karieri. Ukuta ulikuwa na mpasuko, na chini yake wenzetu walipita kila zamu. Tuliipiga kutoka mbali, nyuma ya waya, na lensi ya kuvuta tuliyonunua okazyo. Mkubwa mmoja akasema: « Ule mstari wa violeti si mpasuko, ni lensi yenu. » Tukanyamaza. Kuhusu violeti alisema kweli.

Lensi yetu ni Canon 75-300 III, ya bei kidogo. Mwanga mweupe uko na rangi mingi, na kioo cha kawaida kinapinda kila rangi kwa kadiri yake. Ndiyo maana pembeni ya kitu cheusi mbele ya mbingu nyeupe kunatokea uzi wa violeti ao wa kijani.

Kwa kuipima, shemine ya Gécamines hapa Lubumbashi inatosha. Tuliweka aparei juu ya miguu tatu, asubuhi, mbele joto halijaanza kutetemesha hewa (kuko watu wanaoshitaki lensi kumbe ni joto na vumbi). Tulivuta mpaka 300. Kwa 5.6 kilele kilionekana laini kama sabuni iliyolowa. Kwa 8 kikakaza, na ukungu wa violeti ukapungua. Lakini tulipoweka shemine kwenye pembe ya foto, uzi ulibaki, hata kwa 11. Kufunga tundu hakuponyeshe ugonjwa ule. Basi, kitu cha kuonyesha kikae katikati, na kurudi mpaka 200 kunasaidia.

Ukungu wa nyuma tuliupima mangaribi, na taa za barabara. Kila taa iligeuka sahani yenye ukingo mukali. Lensi ya namna hiyo inafanya matawi ya miti kuwa mawili-mawili. Kwa foto ya mama mujane ya kuweka kwenye dosye, tunamusogeza mbali na miti, tunamukaribia, sura inatoka safi. Kwa ukuta, kinyume: tunafunga tundu ili pahali pajulikane.

Tulirudi karieri asubuhi: 200, tundu 8, mpasuko katikati. Ulitoka mweusi, bila violeti. Safari hii mkubwa hakusema juu ya lensi. Aliuliza uko na mita ngapi.