Haki ya ardhi kwa kilomita na kilo: hesabu ya mwanamke wa Nachingwea na Ruangwa

Julai 2024 Serikali ya Tanzania ilikubali kulipa dola milioni 90 za Marekani ili kumaliza shauri lililotokana na kilima kimoja cha wilaya ya Nachingwea. Kilima hicho ni Ntaka, chenye madini ya nikeli. Leseni iliyokishikilia ilifutika baada ya marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 na kanuni za 2018. Kampuni ya Indiana Resources ya Australia na washirika wake, mmojawapo akiwa amesajiliwa Uingereza kwa jina la Nachingwea U.K. Limited, walitumia mkataba wa uwekezaji wa 1994 kati ya Tanzania na Uingereza. Mwaka 2020 walifungua shauri Washington, kwenye kituo cha usuluhishi kilicho chini ya Benki ya Dunia. Julai 2023 waamuzi waliwapa ushindi wa dola milioni 109.5, na mwaka mmoja baadaye pande mbili zikakubaliana milioni 90.

Tangu kufunguliwa kwa shauri hadi kukubaliana malipo, ilichukua miaka minne hivi. Tuiweke hesabu hiyo mezani, kisha tuulize nyingine: mama anayelima korosho katika wilaya hiyohiyo, kwenye shamba alilorithi kwa mama yake, akinyang'anywa ekari mbili, haki yake itamgharimu kiasi gani?

Jibu fupi ni kwamba haki ya ardhi ni nafuu kabla ya mgogoro, na bei yake hupanda kwa kila ngazi mgogoro ukishaanza. Wanawake wengi wa Nachingwea na Ruangwa huifikia ikiwa imeshapanda.

Watu 419,228, ardhi ileile

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 178,464 Nachingwea na 131,080 Ruangwa, jumla 309,544. Sensa ya 2022 ilihesabu 233,655 na 185,573, jumla 419,228. Ni ongezeko la watu 109,684 kwa miaka 10, yaani asilimia 35. Wakati huohuo mikorosho imeenea, na madini ya kinywe (grafaiti) yamevuta wawekezaji na miradi Ruangwa, ukiwemo wa Chilalo. Kipande ambacho zamani hakikuwa na mgombea sasa kina watatu.

Wenyeji wa hapa, Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ilifuata ukoo huo, na mjomba ndiye aliyekuwa msimamizi na msemaji wake. Mwanamke hakuwa mpangaji kwenye shamba la ukoo wake. Katika majadiliano ya kimataifa, wanaotajwa kuwa watu wa asili nchini ni zaidi Wahadzabe, Wamasai, Wabarabaig na Waakie. Hata hivyo, lililosemwa mwaka 2022 na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, kwamba mwanamke wa jamii ya asili anapopoteza ardhi hupoteza pia nafasi yake katika jamii, linamhusu moja kwa moja mwanamke wa Kimwera.

Mfumo huo wa ukoo umepigwa mara kadhaa. Kati ya 1947 na 1951 mradi wa karanga wa Waingereza ulifyeka mapori ya Nachingwea na kuwaachia walipakodi wao hasara ya pauni zaidi ya milioni 36. Miaka ya 1970 operesheni vijiji ikahamisha kaya. Kisha ukaja mkorosho. Mhogo huvunwa na shamba likarudi kuwa la ukoo, lakini mkorosho husimama miongo mingi, na aliyeupanda husema mti ni wake. Mti ukiwa wa mume na ardhi ikawa ya ukoo wa mke, au kinyume chake, mgogoro unasubiri kifo au talaka tu.

Ngazi nne na bei ya kila moja

Ngazi ya kwanza ni Baraza la Ardhi la Kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lina wajumbe 7, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Mlalamikaji huenda kwa miguu, mashahidi wake ni majirani, na mipaka huoneshwa palepale shambani. Gharama kubwa ni siku moja ya kazi.

Ngazi ya pili ni Baraza la Kata, lenye wajumbe 4 hadi 8, watatu wakiwa wanawake. Hapa pametokea badiliko kubwa ambalo wanavijiji wengi hawajaupima uzito wake. Hadi 2021 baraza hili lilikuwa na uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Marekebisho ya sheria ya mwaka huo yaliondoa uwezo huo. Sasa linasuluhisha tu, kwa muda wa siku 30, na likishindwa shauri huenda wilayani. Sababu ya msingi ilikuwapo: wajumbe wengi hawakuwa na mafunzo, na maamuzi yao yalitenguliwa mara kwa mara kwa kasoro za utaratibu. Lakini kwa mwenye shamba la milioni 2, maana yake ni kwamba uamuzi wenye nguvu ya kisheria umehama kutoka katani kwake.

Ngazi ya tatu ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapa kunahitajika maombi ya maandishi, ada, vielelezo na mashahidi wa kusafirishwa. Ngazi ya nne ni Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa mikoa ya Lindi, ziliko wilaya hizi mbili, na Mtwara kanda yake iko Mtwara mjini. Rufaa inatakiwa kukatwa ndani ya siku 45.

Tupige hesabu ya ngazi hiyo ya nne kwa nauli peke yake. Kutoka Nachingwea kupitia Masasi hadi Mtwara ni kilomita 240 hivi. Kiwango cha nauli ya basi la daraja la kawaida kilichotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, mwishoni mwa 2023, kwa barabara ya lami, kilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita. Kwenda ni takriban 11,630, kwenda na kurudi 23,270. Mama mjane mara nyingi haendi peke yake, bali husindikizwa na kaka au mtoto mkubwa. Kwa watu wawili inakuwa 46,530.

Namba hiyo isomwe pamoja na nyingine. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Kwa hiyo safari moja ya mahakamani, kabla ya chakula, malazi, kuchapa nyaraka wala wakili, inakula asilimia 94 ya fedha ya kumweka mtu mmoja hai kwa mwezi mzima. Kwa bei ya shilingi 3,300 ambayo Serikali ilinunulia kilo ya korosho mwaka 2018, ni kilo 14. Shauri likitajwa na kuahirishwa mara 6, ni shilingi 279,180, karibu kilo 85. Mwenye pesa akiomba ahirisho, asiye na pesa ndiye anayelilipia.

Mikorosho 10 au 45

Hesabu ya pili ni ya mirathi. Lindi ni mkoa wenye Waislamu wengi, na mirathi nyingi husikilizwa Mahakama ya Mwanzo kwa sheria ya Kiislamu. Mjane aliyeachwa na watoto hupata fungu moja kati ya nane.

Tuchukue mfano wa mume na mke waliopanda pamoja mikorosho 80. Mume akifariki na miti yote ikaandikwa kuwa mali ya marehemu, mjane anapata miti 10. Lakini kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinatambua kwamba mwenzi aliyechangia nguvu zake kuzalisha na kuendeleza ardhi hupata maslahi ndani yake, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Na tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Basi tuseme ushahidi umeonyesha walichangia nusu kwa nusu. Miti 40 inatengwa kwanza kuwa ya mjane mwenyewe, kwa kuwa haikuwa ya marehemu. Fungu la nane linatoka kwenye 40 iliyobaki, yaani miti 5. Jumla anaondoka na 45.

Dini haijaguswa na fungu lake ni lilelile. Tofauti ya miti 35 imetokana na swali moja, kama liliulizwa au halikuulizwa: marehemu alimiliki nini hasa? Swali hilo hujibiwa kwenye kikao cha ukoo, siku muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi unapoandikwa. Mjane asiyehudhuria, au anayeweka dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa, amepoteza miti 35 kabla hakimu hajaliona jalada.

Kuna ugumu mwingine wa kusini. Matamko ya sheria za mila ya 1963 yaliandikwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba. Mila za ukoo wa mama hazikuorodheshwa humo, hivyo anayezitegemea hulazimika kuzithibitisha kwa wazee, na kila mzee ni nauli. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinamsaidia kwa upande mmoja: mila yoyote inayomnyima mwanamke haki halali ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili.

Bei ya kungoja

Wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa urithi kwa mila walipinga mila hiyo kortini. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Wakapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ileile ya haki za wanawake ikasema Tanzania ilivunja wajibu wake kwao. Ni miaka 9 tangu uamuzi wa Mahakama Kuu, na walikuwa na msaada wa mashirika ya wanasheria. Kwa mwenye shamba asiye na msaada huo, saa nyingine inahesabu: sheria ya ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi. Anayengoja watoto wakue ndipo adai, anaweza kukuta muda umepita.

Bei ya kuzuia

Turudi sasa kwenye ngazi ya chini, palipo na unafuu. Vijiji vya wilaya hizi mbili vinazidi 200. Kwa viti vitatu kila kijiji, sheria inadai wanawake wasiopungua 600 kwenye mabaraza ya ardhi. Kwa vijiji 200, wajumbe wote kwa pamoja ni 1,400. Kuwafundisha kwa siku mbili, tukikadiria shilingi 30,000 kwa kila mjumbe kwa siku, ni shilingi milioni 84. Kwa wilaya mbili zenye ushuru wa korosho, fedha hiyo inapatikana, kama madiwani wakiidai.

Hatua kubwa zaidi ni hatimiliki ya kimila. Tukadirie dola 20 kwa kila hati, kuanzia kupima hadi kukabidhi, na tufanye kama kila mkazi wa wilaya hizi apewe yake, mtoto mchanga akiwemo. Ni dola 8,384,560. Haifiki hata sehemu ya kumi ya zile zilizolipiwa mgogoro wa Ntaka. Mahitaji halisi ni pungufu mno, kwa sababu hati hutolewa kwa shamba, na fomu inaruhusu majina ya mume na mke pamoja. Hati yenye jina moja huhamisha mgogoro hadi siku ya msiba, na yenye majina mawili huumaliza siku ya upimaji.

Wakati hati hazijafika, kuna karatasi zisizo na gharama kubwa. Mwanamke ajiandikishe mwenyewe kwenye daftari la wakulima la AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika, chini ya chama kikuu cha RUNALI, ili malipo ya korosho zake yaingie kwa jina lake na kubaki kama ushahidi. Usuluhishi wa kijiji uandikwe, usomwe kwa sauti, usainiwe, na kila upande ubaki na nakala. Mthamini wa fidia ya mgodi au barabara aulizwe, mbele ya mkutano, kama fomu ina nafasi ya mwenzi. Na wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na wasiotoza ada, waitwe kwenye kikao cha ukoo, kabla mtu hajaanza kutafuta nauli ya Mtwara.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao, kila mwenye haki ya kusimama aulize mambo mawili tu: Baraza letu la Ardhi lina wanawake wangapi waliokalia viti vyao, na mara ya mwisho liliandika muhtasari lini? Jibu likiwa pungufu ya 3, kijiji kinaivunja sheria; kwa hilo, au muhtasari usipoonekana, mtendaji anapaswa kutaja tarehe ya kulirekebisha.