Wavu wa kilomita 9: programu za hali ya hewa zinanasa nini, na kwa shilingi ngapi?

Tuchukue asubuhi moja ya Aprili jijini Dar es Salaam. Ni saa 12 na nusu na fundi anataka kumwaga jamvi. Saruji na kokoto zipo, mashine ya kuchanganyia zege imekodiwa, vibarua wanne wanamalizia chai. Anafungua programu ya hali ya hewa kwenye simu yake: uwezekano wa mvua ni asilimia 20. Kibarua mmoja anayo nyingine, inayosema 45. Mwenzake ana ya tatu, yenye mchoro wa radi, inayosema 70. Zege likinyeshewa kabla halijashika, hasara ni ya fundi. Akiahirisha, vibarua wanataka ujira wao wa siku.

Hapo ndipo watu huuliza ni programu gani iliyo bora. Kabla ya kujibu, inafaa kujua namba hizo zimetoka wapi, na ziligharimu nini kufika kwenye kioo cha simu.

Programu nyingi, modeli chache

Programu nyingi za hali ya hewa hazitabiri chochote zenyewe. Huchota namba kutoka kwenye modeli kubwa za kompyuta za taasisi za umma, kisha huzivalisha rangi na michoro. Modeli mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni GFS ya NOAA, Marekani. Huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 13 hivi, huendeshwa mara 4 kwa siku, huenda mbele hadi siku 16, na data yake ni bure kwa yeyote. Ya pili ni ya ECMWF, kituo cha nchi za Ulaya kilichoanzishwa mwaka 1975, chenye makao makuu Reading, Uingereza, na kompyuta zake Bologna, Italia. Miraba yake ina upana wa kilomita 9. Data yake kwa miaka mingi ilikuwa ya kununua. Oktoba 2025 ikafunguliwa kwa wote.

Yr, iliyoanzishwa mwaka 2007 na taasisi ya hali ya hewa ya Norway pamoja na shirika la utangazaji la NRK, hutumia ECMWF kwa nchi za mbali kama zetu. Haina matangazo wala ada, kwa kuwa imelipiwa na umma wa Norway. Windy, iliyozaliwa Jamhuri ya Cheki mwaka 2014, huziweka ECMWF, GFS na ICON ya Ujerumani kando kwa kando, mtumiaji achague mwenyewe. AccuWeather na The Weather Channel huchanganya modeli kadhaa kwa kanuni zao wenyewe. Kwa hiyo simu tatu zinaweza kutofautiana kwa sababu zinasoma modeli tofauti, au modeli ileile ya saa tofauti, au mchanganyiko tofauti. Haimaanishi kuwa mojawapo imeliona wingu ambalo wenzake hawakuliona.

Macho ya wavu

Mraba wa kilomita 9 kwa 9 una kilomita za mraba 81. Ule wa kilomita 13 una 169. Ndani ya kila mraba modeli hushika namba moja tu ya mvua kwa kila hatua ya muda. Mkoa wa Dar es Salaam, wenye kilomita za mraba 1,393, unaingia kwenye miraba 17 hivi ya ECMWF na 8 tu ya GFS. Kaunti ya Nairobi, yenye 696, inapata kama 9 na 4. Sinza, Mwenge na Ubungo zinaweza kulala ndani ya mraba mmoja na kupewa mvua moja, hata kama Mwenge kunanyesha na Ubungo watu wanaanika nguo.

Mvuvi huielewa hesabu hii upesi. Wavu wa macho makubwa humkamata jodari, dagaa wanapita. Wingu la mvua la mchana wa masika lina upana wa kilomita chache, pengine kumi, na mara nyingi huzaliwa, hunyesha na kufa ndani ya saa moja hivi. Hilo ni dagaa. Tena mraba mmoja hautoshi: modeli huhitaji miraba kadhaa ili kuchora kitu kwa umbo lake, hivyo picha huanza kukaa sawa kwenye mambo yenye upana wa makumi ya kilomita na kuendelea.

Kusi na kaskazi, kwa upande mwingine, ni pepo za maelfu ya kilomita. Hao ndio jodari. Ndiyo maana programu ileile inaweza kumpa mwendesha kaiti wa Paje, Zanzibar, upepo wa kesho karibu na ukweli, na siku hiyohiyo ikakosea kabisa mvua ya Sinza. Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imekwishatoa tahadhari siku chache kabla. Kitu chenye upana wa mamia ya kilomita hakiponyoki kwenye wavu huu.

Kuna pia umri wa namba. GFS huanza hesabu zake kwa hali ya anga ya saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku kwa saa zetu, na kila mzunguko huchukua saa kadhaa kukamilika. Fundi akifungua simu saa 12 na nusu asubuhi, programu inayotegemea GFS bado inampa hesabu iliyoanzia saa 3 usiku uliopita. Kwa wingu linaloishi saa moja, hizo saa 9 na nusu ni vizazi tisa.

Asilimia zinazodanganya

NOAA huwaeleza wasomaji wake kwamba utabiri wa siku 5 huwa sahihi kwa asilimia 90 hivi, wa siku 7 kwa asilimia 80, na wa siku 10 au zaidi kwa nusu tu. Ni namba nzuri, lakini ni za Marekani, nchi ambayo hali yake ya hewa huletwa sana na mifumo mikubwa inayosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Mvua ya tropiki huchemka papo kwa papo kutokana na joto la nchi kavu na unyevu wa bahari au ziwa. Mwaka 2018 watafiti Vogel, Knippertz na wenzao walichapisha uchunguzi wa mifumo 9 ya utabiri ya dunia juu ya Afrika ya tropiki ya kaskazini. Kwa mvua, namba ghafi za mifumo hiyo hazikushinda wastani wa miaka iliyopita. Yaani mtu mwenye daftari la mvua za zamani angeweza kushindana na kompyuta kubwa.

Kwa hiyo programu inapokuonyesha mvua ya wiki sita zijazo, tarehe kwa tarehe, inakuuzia mapambo. Utabiri wa msimu unaotolewa na TMA au Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hauthubutu kutaja tarehe ya kila mvua. Husema kama masika au vuli yataelekea kuwa juu au chini ya wastani, na ndivyo sayansi inavyoruhusu.

Jihadhari pia na programu inayojisifu kuwa sahihi kwa asilimia fulani. Dar es Salaam hupata milimita 250 hivi za mvua mwezi Aprili, na chini ya 30 Agosti. Programu ikisema kila siku ya Agosti kwamba haitanyesha, itakuwa sahihi siku nyingi mno bila kujua lolote. Usahihi hupimwa kwenye siku ambazo jibu si dhahiri.

Daftari la siku 30 linatosha kupima. Tuseme mtaani kwako kumenyesha siku 10. Programu ilitaja mvua siku 14, na 8 kati yake zikanyesha kweli. Imenasa mvua 8 kati ya 10, asilimia 80. Lakini imekutisha bure mara 6 kati ya 14, asilimia 43. Ukihesabu siku zote, imepatia 22 kati ya 30, yaani asilimia 73. Programu mvivu inayosema "hakuna mvua" kila siku ingepata 20 kati ya 30, asilimia 67, bila kunasa hata mvua moja. Kwa alama ya jumla programu hizo mbili zimepishana kidogo tu. Kwa mwenye zege lake hazilingani hata kidogo.

Rada 37

Kipengele kinachotangazwa sana ni mvua ya dakika kwa dakika: "itaanza baada ya dakika 12". Huko kilikoanzia, uwezo huo ulitegemea rada. Dark Sky ya Marekani ndiyo iliyoupa umaarufu, ikanunuliwa na Apple Machi 2020, na programu yenyewe ikafungwa mwisho wa 2022. Sasa tazama orodha ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani: imewahi kuonyesha rada 345 Ulaya, 291 Marekani ya Kaskazini, na 37 kwa Afrika nzima. Tanzania ilianza na rada za Dar es Salaam na Mwanza, kisha ikaongeza nyingine, zikiwemo za Mtwara, Mbeya na Kigoma. Hatua ni kubwa, ila pengo na mabara hayo bado ni pana.

Pengo hilo limeanza kuzibwa na setilaiti. Meteosat iliyo juu ya Bahari ya Hindi hupiga picha ya anga letu kila baada ya dakika 15, na programu kama Windy huionyesha bure. Mwaka 2025 Google ilianza kuonyesha kwenye utafutaji wake utabiri wa mvua wa saa 12 zijazo barani Afrika, kwa modeli ya MetNet inayosoma picha za setilaiti kwa miraba ya kilomita 5. Mraba huo una kilomita za mraba 25, chini ya theluthi ya ule wa ECMWF. Kwa anayeanika karafuu Pemba, saa mbili zijazo ndizo zenye maana. Asilimia ya keshokutwa haimsaidii kuanua.

Bei tatu

Bei ya kwanza ni bando. Utabiri wa sehemu moja kwa siku 7, saa kwa saa, wenye vipimo 10, ni namba 1,680. Tuukadirie kuwa KB 10. Ukisasishwa kila saa mwezi mzima, unakula MB 7 tu. Ramani inayocheza ni jambo lingine: vipande 20 vya picha kwa fremu 12, kila kipande KB 20, ni karibu MB 5 kwa kuitazama mara moja. Ukiitazama mara mbili kwa siku, mwezi unaisha na MB 288. Kama GB 1 unainunua kwa shilingi 2,500, ya kwanza inakugharimu shilingi 18 na ya pili 720. Tofauti ni mara 40, na hapo matangazo ya video hayajahesabiwa.

Bei ya pili ni ada. Tuseme toleo la kulipia ni dola 20 kwa mwaka, yaani kama shilingi 50,000. Unaondolewa matangazo, unapata masasisho ya mara kwa mara zaidi, pengine hatua za saa 1 badala ya 3. Usichopata ni macho madogo ya wavu juu ya mtaa wako. Modeli inabaki ileile.

Bei ya tatu haiandikwi popote: mahali ulipo. Mwaka 2019 mwanasheria wa jiji la Los Angeles aliishtaki kampuni ya programu ya The Weather Channel, akidai haikuwaeleza watumiaji waziwazi data ya mahali walipo ingetumikaje. Kesi iliisha kwa makubaliano mwaka 2020. Dawa yake ni bure: zima ruhusa ya mahali, andika jina la mji kwa mkono. Kwa miraba ya kilomita 9, "Ubungo" inatosha.

Hesabu ya fundi

Turudi kwenye jamvi. Kuahirisha kunamgharimu fundi vibarua 4 kwa shilingi 15,000 kila mmoja, na mashine shilingi 60,000: jumla 120,000. Zege likiharibika, hasara ni 800,000. Gawanya 120,000 kwa 800,000, unapata asilimia 15. Huo ndio mstari wake. Uwezekano wa mvua ukiuvuka, kuahirisha ni nafuu kuliko kubahatisha. Simu zilisema 20, 45 na 70. Zilionekana zinabishana, kumbe zote tatu zilimwambia aahirishe.

Sasa mpe turubai la kufunika zege. Mvua ikija, hasara inashuka, tuseme hadi 240,000. Mstari unapanda hadi asilimia 50. Simu mbili kati ya tatu sasa zinasema mwaga, na hakuna programu iliyobadilika hata nukta. Kilichobadilika ni turubai. Kama fundi ana shilingi 50,000 za kutumia dhidi ya mvua mwaka huu, azipeleke huko. Utabiri atausoma bure, usiku wa kuamkia kazi na tena asubuhi, akitafuta kitu kimoja tu: asilimia ipo upande gani wa mstari wake.