Sanduku la Kupoza Vyakula Bila Barafu

Mtu aliyezaliwa Mombasa au Lamu aujua mtungi tangu utoto wake, na ajua kwamba maji yaliyolala ndani yake usiku kucha huwa baridi, hata kama hewa ya nje ni ya joto. Lakini si wengi waliojiuliza kwa nini iwe hivyo. Mtungi wa udongo hutoka jasho. Maji kidogo hupenya katika udongo, hufika upande wa nje, na huko hukaushwa na upepo. Maji hayawezi kukauka bila kuchukua joto mahali fulani, nayo huchukua joto la mtungi wenyewe na la maji yaliyobaki ndani. Lita 1 ya maji ikikauka huondoka na joto ambalo lingetosha kuchemsha karibu lita 8 jikoni.

Yafuata basi kwamba kadiri hewa ilivyo kavu, ndivyo kazi hii inavyokwenda upesi. Katika unyevu wa pwani mtungi hufanya kazi kwa uvivu. Huko Tarbaj, katika Kaunti ya Wajir, kando ya njia iendayo El Wak na Mandera, mambo ni mengine kabisa. Katika kiangazi cha Jilaal, kianzacho mwezi wa Januari na kuendelea mpaka mvua za Machi au Aprili, nguo iliyofuliwa hukauka upesi sana hata kivulini. Upepo huo mkavu hukausha visima na midomo ya watu, na kila mtu huulalamikia. Hata hivyo upepo huo huo waweza kuajiriwa nyumbani bila mshahara.

Faida yake yaonekana mara mtu akumbukapo jinsi chakula kinavyoharibika huko. Nyanya na mboga huletwa kwa lori kutoka mbali, nazo hufika zimekwisha kulegea. Maziwa ya mbuzi yaliyokamuliwa alfajiri huanza kuchacha kabla jua halijapinduka. Friji huhitaji umeme, na si kila nyumba iliyo nao.

Watu wa nchi nyingine kavu wamepata kukabili shida hiyo. Mwaka 1892 dhahabu iligunduliwa Coolgardie, katika jangwa la Australia ya Magharibi, na watu wakamiminika huko. Mizigo yao mingi, pamoja na maji, ilichukuliwa kwa ngamia walioongozwa na watu kutoka Afghanistan na Bara Hindi, mpaka reli ilipofika mwaka 1896 na bomba la maji mwaka 1903. Katika miaka hiyo ya 1890 mtu mmjoa aitwaye Arthur Patrick McCormick alitengeneza kabati la mbao lililofunikwa gunia lililoloweshwa maji, na chakula kikakaa humo bila kuoza upesi. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1995, mwalimu wa Nigeria aitwaye Mohammed Bah Abba alieneza mpango wa vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga wenye maji katikati. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Rolex mwaka 2000. Mahali ambapo vyungu ni vya shida kupatikana, kabati la Coolgardie ndilo jepesi zaidi.

Kwanza hutengenezwa kiunzi chenye miguu minne, kimo chake futi tatu, na upana wake futi moja na nusu kila upande. Mbao za masanduku zafaa, lakini fito zafaa vilevile, na hapa akina mama wa Kisomali wana ujuzi kuliko seremala yeyote. Wao ndio wajengao nyumba za kuhama. Hukunja fito, huzifunga kwa kamba, nazo huhimili safari juu ya mgongo wa ngamia. Kiunzi cha kabati ni mchezo tu kwa mikono kama hiyo. Ndani huwekwa rafu mbili za fito zilizoachana kidogo, ili hewa ipite.

Juu ya kiunzi huwekwa karai au sinia pana yenye maji. Kisha hutafutwa nguo ya kuzungushia pande zote. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa magunia ya siku hizi yamefumwa kwa plastiki, nayo hayanywi maji hata kidogo. Mtu aweza kuyalowesha mchana kutwa asipate faida yoyote. Litakalofaa ni gunia la zamani la katani au juti, blanketi kuukuu la pamba, au shuka nzito. Ncha ya juu ya nguo hutumbukizwa katika karai na kukandamizwa kwa mawe. Maji hupanda katika nguo kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi, kisha hushuka polepole mpaka chini. Upande mmoja huachwa wazi kama pazia, uwe mlango.

Miguu ya kabati husimamishwa ndani ya makopo yenye maji kidogo, la sivyo siagi na sukari vitakuwa mali ya sisimizi.

Kabati liwekwe kivulini, mahali pavumapo upepo. Likifungiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha, hewa ya humo hushiba unyevu na kazi husimama. Nje kukiwa na joto la digrii 36 na hewa kavu sana, ndani kwaweza kushuka hadi digrii 25 hivi.

Mtu mwenye busara atauliza kama ni haki kumwaga maji kwa ajili ya nyanya mahali ambapo maji yenyewe huchotwa kwa taabu. Swali hilo ni la haki. Siku ya upepo mkali kabati laweza kunywa lita kadhaa. Lakini si lazima yawe maji ya kunywa. Maji yaliyosuuzia vyombo au mboga yatosha, na hata maji ya chumvi ya visima vya Wajir hufaa, ila huacha unga mweupe katika nguo. Unga huo ukizidi huziba nyuzi, kwa hiyo nguo ifuliwe mara kwa mara. Katika ukame mkali, mifugo inapokufa kwa kiu, kabati na likauke.

Yapasa pia kujua mipaka yake. Nyama mbichi haifai kulazwa humo. Maziwa yatachelewa kuchacha kwa muda wa saa chache tu, na desturi ya kufukiza vyombo vya maziwa kwa moshi isiachwe kwa sababu ya kabati. Chanjo huhitaji baridi kali zaidi. Insulini ya wagonjwa wa kisukari ambayo haijafunguliwa huhitaji digrii 2 mpaka 8, ambazo kabati haliwezi kuzifikia. Bali chupa iliyokwisha kuanza kutumiwa, aina nyingi huruhusiwa kukaa kama majuma manne mahali pasipozidi digrii 25 au 30. Kwa mgonjwa aishiye katika joto la Tarbaj bila umeme, tofauti ya digrii kumi ni jambo kubwa. Chupa itiwe katika kopo lenye kifuniko isilowane, kipimajoto kiwekwe kando yake, na mhudumu wa zahanati aulizwe kwanza kuhusu dawa ile hasa aliyopewa mgonjwa.

Mvua zinyeshapo hewa hujaa unyevu, na kabati hupoteza nguvu zake. Wakati huo nguo huvuliwa, hufuliwa na kuanikwa, na kiunzi hutumiwa kuwekea vyombo mpaka kiangazi kirudi.